Majina tofauti, dawa moja: hatari iliyojificha Tunduma

Mkazi wa Tunduma akiumwa ana njia nyingi za kupata dawa. Ataenda zahanati, ataingia duka la dawa muhimu, au atavuka kwa miguu hadi Nakonde, upande wa Zambia. Urahisi huo una hatari yake: muuguzi anayempokea hawezi kujua ameshameza nini asipoambiwa.

Tuanze na majina. Kila dawa ina jina halisi, yaani la kiambato kinachofanya kazi mwilini, na inaweza kuwa na majina mengi ya biashara. Panadol ni jina la biashara; dawa yenyewe ni parasetamoli, ambayo imo pia katika dawa nyingi za mafua. Tanzania husajili dawa kupitia TMDA na Zambia kupitia ZAMRA, hivyo jina lililozoeleka Nakonde linaweza kuwa geni Vwawa au Mlowo.

Mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24. Anayemeza viwili mara nne kwa siku amefika kikomo. Akiongeza dawa ya mafua yenye parasetamoli, amekivuka bila kujua. Ini ndilo linaloumia, na dalili zinaweza kuchelewa kwa siku nzima au zaidi.

Kwa watoto, kinachoangaliwa ni uzito. Kwa dawa mseto ya malaria, ALu, ya vidonge vya kawaida vya 20/120, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila dozi. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2. Wote humeza dozi 6 kwa siku 3. Kumpa mdogo dawa iliyobaki ya kaka yake ni kubahatisha.

Dawa pia hugongana. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mama asiyeulizwa anaweza kupata mimba asiyoitarajia.

Lawama zisiishie kwa mgonjwa. Foleni ikiwa ndefu, maswali hukatwa, na dawa hutoka kwenye kifuko kisicho na jina. Tunaona mtoa dawa ana wajibu wa kupima uzito wa mtoto, kuuliza kuhusu ujauzito, mzio na dawa nyingine, na kuandika jina halisi na kipimo kwa Kiswahili.

Nawe msikilizaji, usitupe pakiti kabla hujamaliza dawa. Ipige picha kwa simu, upande wenye jina halisi, na uionyeshe kila unapotibiwa. Umenunua wapi si kosa la kuficha. Muuguzi anahitaji kujua ili asikuongezee dawa ambayo tayari unayo mwilini.