Nani Mpiga Ngoma Bora?

Vijana wanapobishana juu ya mpiga ngoma bora wa muziki wa roki, hawakosi kuwataja Waingereza wawili, John Bonham na Keith Moon. Ni haki yao. La kusikitisha ni kwamba ubishi huo hufanyika hata Masasi na Newala, pasipo mtu kuitaja ngoma ya Wamakonde.

Ngozi hukazwa sauti kwa moto. Kisha mpigaji wa sindimba huongoza viuno vya uwanja mzima. Na katika mapiko, mvaa kinyago na ngoma hukoma kwa pigo moja, la sivyo wote wawili wameaibika. Ginger Baker, gwiji wa roki asiyepingika, aliifuata ngoma ya Afrika hadi Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Marehemu Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake, alijulikana nchi nzima kwa sababu mlio wake ulitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Wenzake wengi wa Newala hawakufikiwa na kinasa sauti. Afisa utamaduni anayeripoti idadi ya vikundi vya ngoma wilayani mwake hana budi kuulizwa pia majina ya wapigaji.