Hesabu ya Kalamu Mwaka Ukigeuka

Mfunguo Nne umeandama, mwaka wa Hijra umegeuka, nami kama ada nimefungua kasha la karatasi nihesabu niliyotunga. Nimepata mashairi thelathini na mawili, na ishirini na moja ni ya kuagizwa: harusi, mapokezi ya mahujaji, na kampeni za wakubwa. Vina havina ila, mizani ni nane kwa nane. Lakini haya ya wakubwa, ukiliondoa jina la msifiwa, shairi lamfaa yeyote apitaye njiani.

Wasomaji wataniambia Muyaka bin Haji naye alisifu. Naam, aliwasifu Wamazrui, lakini walikuwa wakipambana na Seyyid Said aliyeiteka Mombasa 1837, na maneno yale yangeweza kumponza. Isitoshe, alitunga pia juu ya mapenzi na mambo ya nyumbani. Mimi sifa zangu zimeniponza nini? Zimenilipia karo, basi.

Ya harusi sitayaacha, hiyo ni furaha ya mtaa. Ya kampeni nimeyaacha. Juzi alikuja mtu na bahasha, nikamnywesha kahawa akarudi nayo.

Nimeanza utenzi wa majahazi. Jirani yangu, nahodha wa zamani, huketi nami barazani kila baada ya alasiri, yeye akisema, mimi nikiandika. Demani na joshi tumeshaziandika. Jana alinishika mkono akanyamaza kitambo kirefu: jina la henza lilikuwa limemtoka.