Vijia vya Nakuru vyapata watembeaji, bado havina mwenyewe

KILA mwisho wa juma magari ya abiria yaliyokodishwa huwateremsha vijana wenye mikoba mgongoni kandokando mwa barabara kuu ya Nairobi-Nakuru. Baadhi yao huelekea Mlima Longonot, wengine kreta ya Menengai, na wengine misitu ya Bahati na Dundori iliyo upande wa juu wa Lanet. Miaka 30 iliyopita, mtu ambaye angelipa nauli ili akatembee kwa miguu kutwa nzima, bila kuwa na mgonjwa wa kumjulia hali wala shamba la kupalilia, angedhaniwa kuwa ana kichaa. Leo hiyo ni tafrija, na kwa waandalizi wa safari ni biashara.

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni nani anayevitunza vijia wanavyopita.

Lanet ni mahali pazuri pa kuliuliza. Upande mmoja pana lango la Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, iliyozungushiwa ua wa umeme pande zote na ambamo mgeni haruhusiwi kushuka garini ila katika sehemu zilizotengwa. Kuna kambi ya jeshi, ambayo raia haikatizi. Kuna reli na barabara kuu. Kwingineko ni ploti za watu binafsi, nyingi zikizungushiwa mabati au seng'enge. Anayetaka kutoka Lanet kwa miguu hadi Dundori au ukingo wa Menengai hulazimika kufuata vumbi la barabara ya magari, au kupita uani mwa watu kwa hisani yao.

Haikuwa hivyo tangu jadi. Mwaka 1957 mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba Lanet mashimo ya kale ya aina inayohusishwa na Wasirikwa, waliokuwa wafugaji, na aina moja ya vyungu vya kale katika Bonde la Ufa ikapewa jina la Lanet. Hyrax Hill, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937, iko karibu tu, kwenye njia ya kuelekea jijini. Wafugaji hawakai mahali bila njia za kupitishia mifugo kwenda majini na malishoni. Njia hizo zilikatwa kwanza na mashamba ya walowezi. Kisha, katika miaka ya 1970, kampuni za kununua ardhi kama vile Ngwataniro zilipowagawia wanachama wao mashamba hayo, wapimaji walitenga barabara za magari na mkokoteni. Kijia cha mtu wa miguu hakikuwa na mtetezi katika ramani.

Sheria ya kukitetea ipo, ingawa ni wachache wanaoitaja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu serikali ya kaunti, chama au kundi lolote la watu kuiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi iidhinishe njia ya umma katika ardhi ya wengine. Wenye ardhi hupewa notisi na nafasi ya kupinga, na fidia huzingatiwa. Ndani ya misitu ya serikali, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inazipa jumuiya za wakazi nafasi ya kutia saini mikataba na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na miongoni mwa haki zinazoweza kutolewa ni utalii na burudani msituni. Kwa maneno mengine, wakazi wa Bahati au Dundori wanaweza kuwa wasimamizi halali wa vijia, badala ya kuwa watazamaji wa wageni wanaopita.

Ugumu uko katika jembe na sururu. Kijia cha mlimani hakijitunzi. Udongo wa sehemu hizi una majivu mengi ya volkano, na nyayo zikishaondoa nyasi, mvua ya kwanza huufanya mkondo wake papo hapo. Mwaka wa pili kijia ni mfereji. Wa tatu ni korongo, na watembeaji wanaokikwepa huanza kukanyaga kingine pembeni, nacho kiende njia ile ile. Dawa yake yajulikana, na wala si ya gharama kubwa: gogo au mstari wa mawe huwekwa kimshazari ili maji yatoke kando, mitaro huzibuliwa, miteremko mikali hukatwa vidato, na njia za mkato huzibwa kwa matawi ya miiba. Lakini ni kazi ya kurudiwa kila mwaka, tena ya kuinamisha mgongo. Picha ya mtu akizibua mtaro haivutii kama ile ya mtu aliyesimama kileleni.

Wapo wanaodhani kujitolea kwa kazi kama hiyo ni desturi ya Wazungu. Hilo si kweli. Wakikuyu, ambao ni wengi katika eneo la Lanet na Bahati, wana neno ngwatio kwa kazi ya kusaidiana, na harambee iliwajengea Wakenya shule na zahanati. Lakini ni haki kukumbuka pia kwamba kazi ya bure ina historia chungu. Mwaka 1947 wakazi wa Murang'a waligoma kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, ingawa matuta yenyewe yalikuwa na faida, kwa sababu waliamrishwa na machifu wa serikali ya kikoloni. Mkulima wa leo anayeombwa ajitolee kutengeneza njia itakayotumiwa na mgeni aliyelipa ada kwingine ana kila sababu ya kuuliza ada hiyo huenda wapi.

Swali hilo ndilo lililozuka Nairobi mwaka 2025. Msitu wa Karura, uliookolewa kutoka kwa wanyakuzi katika mapambano yaliyoongozwa na Wangari Maathai, ulifunguliwa kwa umma mwaka 2011 chini ya usimamizi wa pamoja wa KFS na jumuiya ya marafiki wa msitu huo. Ada za wageni zililipia walinzi, wafanyakazi na utunzaji wa vijia vyenye urefu wa zaidi ya kilomita 50. Agosti 2025 KFS iliagiza ada zote zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Jumuiya ililalamika kwamba haitakuwa na fedha za kuendeshea kazi, na mzozo ukafika mahakamani. Serikali ina haki ya kujua mapato ya mali ya umma. Hata hivyo, fedha zikishaingia katika hazina kuu, hakuna anayeweza kumhakikishia kibarua wa msituni kwamba zitarudi kabla ya mvua. Jumuiya za Nakuru, ambazo hazina wafadhili wa mitaa ya kifahari iliyoizunguka Karura, zingeumia mapema zaidi.

Nchini Marekani, njia ya Appalachian, yenye urefu wa kilomita zipatazo 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, hutajwa kila mara kama ushahidi wa nguvu ya kujitolea. Benton MacKaye aliipendekeza mwaka 1921, ikakamilika mwaka 1937, na hadi leo vilabu vya wanachama ndivyo vinavyoitunza. Kinachosahauliwa ni kwamba vilabu peke yake havikutosha. Sehemu kubwa ilipita katika ardhi za watu binafsi, na ujenzi ulipoanza kuikaribia, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 1968 iliyoiwezesha serikali kununua ardhi ya kuilinda. Jembe lilitangulia, lakini hati ya ardhi ndiyo iliyoiokoa.

Hapa Bonde la Ufa, uzembe katika jambo hili umewahi kuhesabiwa kwa roho za watu. Katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba Aprili 2012, na wengine saba Septemba 2019. Maji hayo yalitokana na mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa wageni. Hakuna mtaro ambao ungeyazuia. Lakini mtu anayekizuru kijia kila juma, mwenye mamlaka ya kukifunga na simu ya kupokea habari kutoka milimani, ni sehemu ya utunzaji kama ilivyo sururu.

Mtu wa aina hiyo hapatikani kwa tangazo la siku moja ya kupanda miti, ambapo viongozi hupigwa picha na miche kuachiwa mbuzi. Kwa Lanet, mwanzo ungekuwa mdogo: kaunti kuchora ramani ya vijia vinavyotumika kuelekea Bahati, Dundori na Menengai, kuzungumza na wenye ploti, kisha kuwasilisha ombi kwa Tume ya Ardhi kabla kila ua haujawa ukuta wa mawe. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na tangu hapo bei ya ardhi pembezoni mwake haijawasubiri wanaosuasua.

Kazi ya mitaro nayo hufanywa Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Ifikapo Aprili, maji huwa yameshajichagulia njia.