Jua kali si jina tu

Pita Bamburi saa saba mchana ujionee. Kwenye mjengo vijana wako vifua wazi, fulana wamezifunga kiunoni, wanabeba kokoto. Kando ya barabara fundi wa kuchomelea amevaa miwani ya jua ya bei rahisi, mikono yote nje. Gereji ya jirani, mekanika amelowa oili chafu hadi viwikoni, na akimaliza ananawa kwa petroli. Waulize kuhusu saratani ya ngozi. Watakucheka: “Hiyo ni ya wazungu!”

Sivyo. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, sawa, lakini si kinga kamili, na kwa wenzetu wenye ualbino hatari ni kubwa mno. Isitoshe, saratani hii inaweza kuota kwenye kovu la kuungua au kidonda kilichokataa kupona. Na ni fundi gani wa kuchomelea asiye na kovu la kuungua?

Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalisema kazi za juani huchangia karibu kifo 1 kati ya 3 vya saratani ya ngozi isiyo melanoma. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Oili chafu, lami na masizi navyo vinashtakiwa kitambo: mwaka 1775 kule London, daktari Percivall Pott aliona masizi yakiwaletea wasafisha dohani saratani ya ngozi ya korodani.

Kinachotuudhi ni hiki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, lakini msimamizi wa mjengo akiombwa glavu anajibu kwamba vibarua ni wengi getini. Kofia na shati la mikono mirefu si hisani, bosi. Kazi nzito ianze alfajiri, saa sita watu wakae kivulini.

Nasi tuache ubishi. Kofia pana za ukili tunawauzia watalii pale ufukweni, halafu wenyewe tunabaki vichwa wazi! Mekanika, nawa kwa sabuni, na usitie kitambaa cha oili mfukoni. Na kama una kidonda kimepita mwezi hakiponi, wacha kununua dawa ya kupaka kila wiki. Nenda hospitali, na umwambie daktari kazi unayofanya.