Mashauri ya Nyumbani: Kung'arisha Bampa Kuukuu



Mafuriko ya mwaka 2023 yalipopungua hapa Garsen, gari kuukuu nililoachiwa na marehemu baba lilikuwa limejaa matope. Arusi ya ndugu yangu ilikuwa karibu, nami kwa haraka nikazisugua bampa zake kwa mchanga wa mtoni. Zaling'aa kweli. Lakini masika ya 2024 ilipokwisha, nikaona kutu mahali ambapo hapo kwanza hapakuwa na hata doa. Haraka yangu haikuwa na baraka.

Sababu ni hii. Bampa hizo ni chuma kilichofunikwa kwa nikeli, na juu yake utando wa kromiamu ulio mwembamba mno kuliko unywele. Kromiamu yenyewe haishiki kutu, bali maji hupenya katika vitundu visivyoonekana kwa macho, yakala chuma kilicho chini. Nasi tukaao hapa tuna maadui wawili: matope ya Tana, yanayotunza unyevu, na chumvi ya pwani, ambayo gari huichukua liendapo Kipini, au lipitapo Gongoni penye mashamba ya chumvi.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, osheni kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi. Pili, chukueni karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, muikunje, muichovye majini, na kusugua kutu polepole. Alumini ni laini kuliko kromiamu, kwa hiyo haiikwaruzi kama msasa. Tatu, suuzeni, kausheni kabisa, kisha pakeni nta ya gari. Upande wa ndani, ambako matope hujificha, pigeni rangi ya kuzuia kutu.

Mahali ambapo utando umebanduka, hakuna nta iwezayo kuurudisha. Kwangueni kutu, pakeni rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya fedha. Wala asiwadanganye mtu kwamba yawezekana kupaka kromiamu mpya nyumbani: dawa za kazi hiyo ni sumu, huunguza ngozi, na mvuke wake waweza kuleta saratani ya mapafu. Kazi hiyo ni ya kiwandani.

Bampa za baba sasa zina rangi ya fedha ncha zote mbili, na kromiamu yake imebaki katikati. Hiyo iliyobaki naifuta kila Jumamosi, kwa kitambaa laini.