Tuiite Kamari

Majarida yetu ya Kiswahili hujadili sana istilahi za isimu na fasihi, na maneno ya mitaani tukayaacha yajitafutie maana. Mojawapo ni neno mchezo. Mjini Kisumu, kuanzia Kondele hadi ufuo wa Dunga, kijana akikwambia kwamba anacheza, huenda hana mpira wala karata. Ana simu, na ndani yake kindege chekundu kinapaa. Dau lake linaongezeka kadiri kindege kinavyopanda. Kikitoweka kabla hajachukua fedha zake, zimekwenda. Huo ndio Aviator, uliotolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019. Nashikilia kwamba tangazo lake la kwanza ni hilo jina la mchezo.

Wafanyabiashara walianza zamani kutangaza bidhaa kwa michezo. Mwaka 1983 huko Marekani, kinywaji cha Kool-Aid kilitengenezewa mchezo wa video, na mwaka 1996 nafaka za Chex ziliuzwa zikiwa na mchezo wa kompyuta ndani ya paketi. Mtoto alicheza, mzazi akanunua. Leo kinachotangaza na kinachouzwa ni kitu kimoja. Kando ya kindege huonekana madau ya wengine na faida walizopata, pamoja na ukumbi wa soga ambamo madau ya bure humwagwa kama mvua. Ukiwa na hayo, bango la barabarani la nini?

Teknolojia yake inastahili kueleweka. Kabla ya kila mzunguko, kompyuta ya mwendeshaji huandaa mfululizo wa siri wa herufi na tarakimu. Huo huchanganywa na mifululizo ya wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, na hesabu ikatoa kikomo cha kindege. Baadaye yeyote aweza kuhakiki kwamba siri haikubadilishwa. Wataalamu huiita mifululizo hiyo mbegu. Ajua ya Wajaluo nayo huchezwa kwa mbegu, ila zile zimo mashimoni mbele ya macho ya wote wawili, na anayejua kuhesabu humshinda asiyejua. Kwenye simu, uhakiki huthibitisha kwamba hukudanganywa, basi. Hesabu yenyewe imekwisha kuegemea upande mmoja. Watengenezaji hutangaza kwamba asilimia 97 ya madau huwarudia wachezaji. Inapendeza kusikia. Lakini mzunguko huchukua sekunde chache tu, na shilingi 100 zikizungushwa zote mara 20, kwa wastani zitabaki takriban 54. Mara 50, takriban 22. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, huzisafirisha bila mvuvi kuinuka mtumbwini.

Tarehe 29 Aprili 2025, bodi ya kusimamia kamari nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Kindege kiliendelea kupaa.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hizi zimewahi kulisha soka yetu. Ni kweli. Gor Mahia, kipenzi cha mwambao huu, ilivaa jina la SportPesa kifuani, na ufadhili ulipoondolewa mwaka 2019 klabu ilitaabika mno. Hoja hiyo siidharau. Hata hivyo, jezi ilionyesha waziwazi aliyeilipia. Neno mchezo halionyeshi chochote.

Kiswahili kina neno kamari, tulilolipata kutoka Kiarabu, na kila mzee ufuoni anajua uzito wake. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2003, iliamua kusema michezo ya kubahatisha, na istilahi hiyo, kwa maoni yangu, ni ya upole kupita kiasi. Kenya, ingawa kwa Kiingereza, imeelekea kwingine: jina la sheria ya mwaka 1966 lilikuwa na neno lenye sura ya mchezo, ilhali jina la sheria ya mwaka 2025 linataja kamari peupe. (Ndiyo, ndugu msomaji, husemwa kucheza kamari, angalau hapo kamari yenyewe haifichwi.)

Atakayeitafsiri sheria hiyo na kuisoma redioni ni mhitimu wa idara zetu. Wanafunzi wanaokwenda mafunzoni katika vyumba vya habari vya Kisumu waanze na taarifa zinazohusu kindege: palipoandikwa michezo ya mtandaoni, waandike kamari.