Hatua Ngumu Haipatikani kwa Uchawi

Liko neno linalovuma sana siku hizi, nalo ni kwamba tarakilishi ina akili kupita binadamu, na kwa hiyo binadamu hana haja tena ya kujichosha kwa kufikiri. Neno hili husemwa kwa sauti kubwa na watu wasiopata kuuliza mashine hufanyaje kazi yake. Mimi nalipinga, msomaji kijana, na shahidi wangu ni mchezo wa sataranji, kwa kuwa ndio mchezo ulioipatia mashine sifa zake za kwanza kubwa.

Sifa zenyewe si za uwongo. Tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, mashine ya kampuni ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati ule, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Iliweza kupima mikao ya kete kiasi cha milioni 200 kila sekunde. Wapo waliosema kuwa mbio zimeishinda akili, na wapo waliosema kuwa mashine imeota akili. Kauli zote mbili zina kasoro.

Piga hesabu pamoja nami. Tuseme kila mchezaji, zamu yake ifikapo, ana hatua 30 za kuchagua. Hatua mbili, moja yako na moja ya mpinzani wako, huzaa njia 900. Hatua nne huzaa njia 810,000. Hatua sita huzaa 729,000,000. Hatua kumi huzaa zaidi ya trilioni 590, na mashine yenye kupima milioni 200 kila sekunde ingehitaji siku 34 kuzimaliza. Nani angekaa ubaoni kuingoja? Mbio peke yake, basi, hazitoshi.

Kwa sababu hiyo programu hukata njia. Ikiona kuwa hatua fulani ina jibu moja la mpinzani linaloiharibu, haihangaiki na majibu mengine, bali huiacha ikaendelea na nyingine. Ukataji huu ni halali, maana haupotezi kitu. Lakini uko ukataji wa pili, nao ni wa kubahatisha: hatua yenye sura mbaya hutupiwa jicho mara moja, kisha hutupwa. Hapo ndipo hatua ngumu hupotea. Kwani hatua ngumu ni ipi, kama si ile ambayo hasara yake iko mlangoni na faida yake iko mbali?

Tazama mfano wa mwaka 1998, katika mashindano ya Linares nchini Hispania. Alexei Shirov, mwenye kete nyeusi, alikuwa akicheza na Veselin Topalov. Kila mmoja alibakiwa na mfalme, askofu mmoja na askari: wanne wa Shirov, wawili wa Topalov. Ungedhani ushindi ulikuwa mwepesi. Lakini maaskofu wao walitembea katika miraba ya rangi mbalimbali, na mkao wa namna hiyo mara nyingi huishia sare, kwa kuwa askofu mmoja huziba njia ambayo mwenziwe hawezi kuigusa kamwe. Shirov alimchukua askofu wake wa pekee akamweka mahali ambapo askari wa Topalov angeweza kumla bure. Akaliwa. Lakini mraba aliouacha ulikuwa njia ya mfalme wake kwenda katikati ya ubao. Mfalme yule aliwahi kufika kabla ya mfalme wa Topalov, akawafungulia njia askari wake wawili, na askofu mmoja hakuweza kuwazuia wote. Baada ya hatua chache Topalov alikubali kushindwa.

Programu nyingi za wakati ule, zilipowekewa mkao huo, hazikuiona hatua hiyo. Ziliona askofu ameliwa bure, zikafunga hesabu kabla faida haijatokeza. Za leo huiona; lakini huionaje? Kwanza, hurudia kazi: hupima hatua zote kwa kina kifupi, kisha huanza upya kwa kina kilichozidi, na kila mara hatua iliyokuwa ya mwisho ina nafasi ya kuwa ya kwanza. Pili, hazitoi hukumu katikati ya vita. Pale kete zinapolana, hesabu huendelea mpaka ubao utulie. Tatu, zimejifunza kupima mkao wote, si kuhesabu kete tu.

Jambo hili la tatu lina uzito. Mwaka 2018 watafiti wa DeepMind walichapisha habari za programu yao AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake. Ilipima mikao 60,000 tu kila sekunde, na mpinzani wake, Stockfish, alipima milioni 60. Hata hivyo, katika michezo 1,000 AlphaZero ilishinda 155, ikashindwa 6, na iliyobaki ikawa sare. Aliyechagua vema cha kutazama alimpita aliyetazama vingi.

Sasa mtazame mwanafunzi anayeiuliza mashine jibu la hesabu au la insha, akalinakili, akalala. Anadhani anaiga werevu wa mashine. La! Anafanya kile ambacho mashine yenyewe haikufanya. Hatua nzuri ya mashine ni zao la maelfu ya hatua zilizojaribiwa zikakataliwa. Yeye huchukua zao bila kulima. Tena programu ya sataranji humpa mchezaji hatua na tarakimu, haimpi sababu. Mwenye kupokea hatua bila sababu atapotea mara mpinzani akicheza tofauti, na maisha ni mpinzani asiyecheza kama ilivyoandikwa.

Utanijibu kuwa hata mabingwa hutumia programu. Ni kweli, nao hufanya vema. Lakini bingwa huiuliza mashine baada ya kufikiri, kisha huketi na jibu lake mpaka ajue kwa nini. Kutumia chombo si aibu. Aibu ni kutumiwa nacho.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mashine imeinama: haikuona haya kutazama hatua mbaya, wala haikuona uchovu kurudia iliyokwisha kuitupa. Subira na uangalifu huo vilitoka kwa watu waliozitunga programu hizo, nawe umejaliwa kuwa navyo. Unapokutana na swali gumu, tazama na njia uliyoidharau. Na ukiisha kuikataa, irudie mara moja tena kabla hujafunga daftari.